Nyuzi nano za PEG: kwa nini hazipozi, na kwa nini hupungua zikifuliwa

SWALI: Nilichanganya polietilini glikoli (PEG 4000) na selulosi asetati, nusu kwa nusu, nikasokota nyuzi nano (nyuzi nyembamba mno) kwa umeme wa volti 15,000. Kitambaa kilitoka cheupe na laini, lakini kikivaliwa hakidhibiti joto, na baada ya kufuliwa mara moja kimekuwa chepesi na kikavu kama karatasi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, usokotaji wako hauna kasoro, kosa limo katika PEG uliyoichagua. Kinachodhibiti joto katika uzi wa namna hii ni PEG, ambayo ikiyeyuka hufyonza joto bila yenyewe kupanda nyuzijoto na ikiganda hulirudisha, huku selulosi asetati ikibaki ngumu na kuushikilia uzi usipoteze umbo. PEG 4000 huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 58 za Selsiasi, ilhali ngozi ya binadamu huwa na 33 hivi, kwa hiyo kitambaa chako kingeweza kukaa mwilini siku nzima bila chembe hata moja kuyeyuka. Molekuli zikiwa fupi, yaani namba baada ya jina PEG ikiwa ndogo, kiwango hicho hushuka: PEG 1000 huyeyuka kati ya 35 na 40, na PEG 600 karibu na 20, nawe unaweza kuzichanganya hizo mbili ili upate kiwango cha kati.

Kuhusu kufua, PEG huyeyuka katika maji, na ndani ya uzi wako imechanganywa tu, haikufungwa kikemia. Pima uzito wa kipande kikavu kabla na baada ya kukiloweka. Kikipungua karibu nusu, PEG yako imekwenda na maji ya povu.

Hata hivyo usitarajie makubwa. Gramu 20 za mchanganyiko huo, zikifyonza jouli 70 kwa gramu, huchukua jouli 1,400, na mwili uliopumzika hutoa takriban jouli 100 kila sekunde, hesabu mwenyewe.

Mimi ningeiacha PEG na kutumia oktadekani, aina ya nta ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 28, haiyeyuki katika maji, na hufyonza takriban jouli 240 kwa gramu. Ipitishe katika sindano yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, oktadekani ikitoka katikati na polima, kama hiyo selulosi asetati yako, ikiizunguka kama ala. Bomba la oktadekani lipashwe moto muda wote wa kusokota, la sivyo itagandia ndani ya sindano.