Nyongeza ya asilimia 10: kuhama au kubaki?

Ndugu yangu, umesema kazi mpya inakupa asilimia 10 zaidi, na hapo ulipo una miaka minne na bosi mnaelewana. Mimi nisingeanza na hiyo 10. Chukua karatasi, andika kitakachoingia mkononi baada ya kodi na makato, kisha toa nauli. Niliwahi kuhama kwa nyongeza kama yako. Ofisi mpya ilikuwa mabasi mawili kutoka nyumbani, saa moja na nusu kwenda, kurudi vivyo hivyo. Nyongeza yote iliishia kwa kondakta, na watoto nikawa nawakuta wamelala.

Halafu kuna muda wa majaribio, watu huusahau. Kipindi hicho kukuachisha huwa rahisi kuliko hapo ulipo. Bima, likizo, mafao, uliza vyote, na barua ya ajira iwe mkononi, imesainiwa, kabla hujaandika ya kuacha kazi.

Kama huko utajifunza kitu ambacho hapo hukipati, nenda hata kwa asilimia 5. Kama ni pesa tu, mwombe kwanza bosi wako akuongeze. Ila usimtishie na barua ya watu kama huna nia ya kuondoka, maana anaweza kukutakia safari njema.