Mteja Wako Anashukia Wapi?

Wiki hii nimemsikia tena mnasihi mgeni akimwambia mteja anayeacha dawa za kulevya kwamba mwili wake umeshakuwa safi na sasa kilichobaki ni uamuzi wake tu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na yaliniponza.

1. Dopamini, kemikali ya ubongo, si ya raha peke yake. Majaribio ya mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz kwa kima yalionyesha kuwa seli zinazoitoa, zikishazoea, huitikia ishara inayotangulia zawadi kuliko zawadi yenyewe, ndiyo maana karatasi ya foili ya kuvutia heroini humwita mtu kabla unga wenyewe haujaonekana.

2. Nauli mkabidhi ndugu. Katika mwaka wangu wa pili kazini hapa Arusha nilimruhusu kijana aliyekuwa na miezi 7 bila kutumia aende msibani Moshi peke yake. Nikampa fedha mkononi, nikamsifu mbele ya kundi zima, wala sikumuuliza maskani yake ya zamani, kijiwe alikokuwa akitumia, ilikuwa wapi. Ilikuwa nyuma ya stendi. "Dada, gari lilipoingia tu tumbo likaanza kunikata, kamasi zikanitoka, miayo haikwishi," alinieleza baadaye. Hiyo ilikuwa arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, katika mwili usio na heroini, iliyoamshwa na mahali, jambo ambalo mtafiti wa uraibu Abraham Wikler alilieleza zamani na ambalo mimi nililijibu vizuri kwenye mtihani kisha nikalisahau. Alivuta kipimo chake cha zamani ilhali ustahimilivu wa mwili wake kwa dawa ulikwisha kushuka, akaokotwa akipumua kwa shida. Alipona. Nilipomwambia mama yake kwamba mwanawe amekosa msimamo, aliniuliza kwa upole, "Kwani wewe mwalimu hukujua alikotoka?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

3. Msihesabu miezi mkadhani hamu inapoa yenyewe. Utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa panya walioachishwa kokeini waliitafuta kwa nguvu zaidi baada ya wiki kadhaa kuliko siku za mwanzo.

4. Kumzoesha mteja ishara za dawa ofisini, bila dawa yenyewe, hakufuti kumbukumbu ya kale, bali huweka nyingine juu yake, na ile ya kale huibuka akibadilisha mahali. Tokeni nje, mtembee naye njia yenyewe, hata kama viatu vyenu ni vipya.

Kijana yule sasa akienda kwao hushuka barabara kuu, kabla gari halijakata kuingia stendi, na kaka yake humngoja hapo na pikipiki.