Barua kwa mwanangu: baridi ikikaza na umeme ukakatika

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, hatujambo. Umeniuliza mawili: kama nyumba yenu ya Houston, Texas, itabaki na joto umeme ukikatika, maadamu hita ni ya gesi, na kama mnaweza kuingiza jiko la mkaa sebuleni mkiacha dirisha wazi kidogo. La kwanza, hapana. La pili, hapana kabisa.

Hita inaunguza gesi, lakini feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani inatumia umeme. Umeme ukienda, nayo imekwenda. Februari 2021 nyumba zaidi ya milioni 4 za Texas zilikosa umeme, na gesi haikuziokoa.

Jiko sasa. Kwetu tumezoea kusubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu ndipo tuliingize ndani. Kosa liko hapo: mkaa ulioiva bado unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dirisha lililofunguliwa kidogo haliitoi yote. Katika baridi ile watu walikufa hivyo, kwa majiko, jenereta na magari yaliyoachwa yakinguruma gerejini. Oveni ya gesi nayo si ya kuotea moto. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi wake usielekee madirishani. Nunua king'ora cha betri cha kugundua gesi hiyo ya sumu, ukiweke karibu na vyumba vya kulala. Watu wawili wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, msikae kubishana kama ni mafua: tokeni nje wote, pigeni 911, namba ya dharura.

Lindeni joto lenu wenyewe. Hamieni chumba kimoja kidogo, zibeni chini ya mlango kwa blanketi, na godoro mlitandikie makatoni chini, maana sakafu inanyonya joto kuliko mnavyodhani. Nguo ya ndani isiwe ya pamba. Ikilowa jasho haikauki upesi. Mtoto mchanga avalishwe nguo kadhaa na mfuko wa kulalia, asifunikwe mablanketi mazito. Mtu akiwa mzito wa ulimi, au akaacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, huyo ni wa hospitali.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mabomba. Huku tunayapitisha ndani ya nyumba. Huko mengi yako darini na kwenye kuta za nje. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na barafu huyasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa. Presha ikizidi, bomba linapasuka, mara nyingi si hata pale penye barafu. Kwa hiyo nje ikikaribia nyuzi 7 chini ya sifuri, achieni koki zidondoshe, ya moto na ya baridi, hasa za ukuta wa nje.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi na ndani pakapoa, kudondosha hakutoshi. Jazeni kwanza beseni la kuogea, maji ya chooni hayo. Zimeni tangi la maji moto: la umeme kwenye swichi yake ukutani, la gesi rudisha kitasa kwenye "pilot", yaani kimoto kidogo cha kuwashia tu. Kisha fungeni vali kuu ya maji, fungueni koki zote pamoja na za nje, mvute na vyoo. Vali huwa kwenye kisanduku cha mita karibu na barabara, au ukutani bomba linapoingilia. Itafute leo, uijaribu kwa mkono. Nyingine hazizunguki bila spana, na usiku wa baridi si wakati wa kugundua hilo.

Bomba likiganda, usilipashe kwa moto. Ubovu huonekana barafu ikiyeyuka, kwa hiyo fungua vali taratibu huku mwenzio akiangalia dari.

Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku 3. Friji isipofunguliwa huhimili saa 4, friza iliyojaa saa 48. Simu chajini kwenye gari, likiwa nje.

Ukiipata vali, nitumie picha nione ni ya mpini au ya gurudumu, nikwambie unavyoifunga.

Mama