Roki ya Zamani Isikilize Ikiwa Jukwaani

Watu wakishajua kwamba napenda roki ya zamani, swali huwa ni lile lile: nianzie wapi? Na wengi wao wameshaanza tayari, tena pabaya. Wamefungua mkusanyiko wa nyimbo bora wa bendi fulani, wakasikiliza nne tano, wakasema hizi ni kelele za Wazungu, wakarudi kwenye mambo yao. Siwalaumu. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata yanatoka humo: bendi kubwa za mwisho wa miaka ya 60 na za miaka ya 70 zilikuwa bendi za jukwaani. Tafuta rekodi ya laivu, chagua mwaka kwa makini, kisha urudi kwenye albamu za studio ukipenda.

Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hahitaji maelezo marefu hapa. Wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania ulikuwa na beti, kiitikio, chemko fupi (ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha), umekwisha. Ukumbini chemko ile ile iliendelea mpaka viti vyote vinabaki vitupu, kwa sababu wapigaji walikuwa wanawaangalia wachezaji, na wachezaji hawajachoka. Bendi za roki za wakati ule zilifanya hivyo hivyo na nyimbo zao, ila watu wao walikuwa wamesimama wanatikisa vichwa.

Kama una nafasi ya albamu moja tu, chukua Live at Leeds. The Who waliirekodi tarehe 14 Februari 1970 kwenye bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Ndiyo, bwalo, wanapokula wanafunzi. Jukwaani pana gitaa moja, besi, drams na mwimbaji, basi. Hakuna gitaa la pili la ridhimu, hakuna kinanda. Pete Townshend akiacha kuchapa nyuzi ili apige solo, hapo palitakiwa kubaki pengo. Halibaki, kwa sababu John Entwistle anapiga besi kama mtu aliyesahau kwamba besi ni chombo cha nyuma, na Keith Moon kwenye drams hakai kwenye mdundo mmoja hata kidogo: anamfuata mwimbaji, anamjibu, anamkatiza.

Isikilize mara ya kwanza kwa ajili ya besi peke yake. Vaa hedifoni, maana besi imewekwa upande mmoja na gitaa upande wa pili, na ukisikiliza kwa spika ya simu hutaupata upande wowote. Spika ya simu haina besi, na roki isiyo na besi ndiyo hizo kelele wanazozilalamikia watu. Santuri ya kwanza ilikuwa na nyimbo sita tu; siku hizi kuna matoleo marefu yenye karibu onyesho zima. Anza na zile sita. My Generation, ambayo studio ni wimbo wa dakika tatu na kidogo, hapo inakaribia dakika 15, na ukifika mwisho utakuwa umeshajua kama roki ni yako au si yako. Kama si yako, hakuna ubaya, umeokoa bando.

Ya pili, Made in Japan ya Deep Purple. Ilirekodiwa Agosti 1972, usiku mbili Osaka na mmoja Tokyo. Wajapani ndio walioomba albamu hiyo, na wenyewe bendi hawakuwa na hamu nayo sana. Walikubali kwa sharti kwamba fundi wao Martin Birch ndiye asimamie kurekodi. Hapa nakupa zoezi ninalompa kila mtu. Tafuta Space Truckin' ya studio, kwenye albamu yao Machine Head ya mwaka huo huo wa 1972, dakika nne na nusu hivi. Halafu weka ya Japani, ambayo ilijaza upande mzima wa santuri, karibu dakika 20. Usijaribu kufuatilia wimbo, wimbo wenyewe unaisha mapema. Fuatilia Jon Lord na kinanda chake cha Hammond anavyogombana na gitaa la Ritchie Blackmore, na Ian Paice kwenye drams anavyowaachia wagombane bila kupoteza mwendo. Mtu akiniambia roki haina ufundi, huwa namtumia kipande hicho bila neno lolote.

Lakini kwa masikio ya huku kwetu, yaliyozoea magitaa mawili matatu yanayosukana, bendi ninayodhani ingependwa zaidi haifahamiki hata kidogo. Inaitwa Allman Brothers Band, ya kusini mwa Marekani. Albamu yao ni At Fillmore East, iliyorekodiwa Machi 1971, New York. Wana magitaa mawili ya mbele, Duane Allman na Dickey Betts, na mara nyingi yanakwenda pamoja kwa sauti mbili tofauti, kama wanavyofanya waimbaji wawili. Wana wapiga drams wawili pia, na Berry Oakley kwenye besi ambaye hatulii. Anza na Statesboro Blues, ni fupi na inachangamsha. Kisha subiri siku uliyotulia, usiku, hakuna anayekuhitaji, uweke Whipping Post. Dakika 23. Kwenye albamu yao ya kwanza, ya 1969, wimbo huo una dakika tano. Zile nyingine zinajengwa papo hapo: wanapanda, wanashuka mpaka unadhani wameishiwa, mmoja anapata wazo, wengine wanamsikia, wanapanda tena. Hiyo ya kusikilizana ndiyo inayonifanya niirudie albamu hii kuliko nyingine yoyote. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 24.

Sasa tuje kwa Queen, maana najua mnasubiri. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, na kwa sababu hiyo kila mtu wa pwani ana neno juu yake hata kama hajasikiliza wimbo mzima. Onyesho linalotajwa siku zote ni lile la tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Ni zuri kweli, sibishi. Lakini lilikuwa la dakika 21 hivi, na watu wanasahau kwamba Queen walijiandaa kwa ajili yake kuliko wenzao: walikodi ukumbi wa Shaw Theatre pale London, wakafanya mazoezi ya nyimbo zile kwa mpangilio ule ule. Hata Bohemian Rhapsody walipiga mwanzo wake tu, wakaingia wimbo mwingine kabla ya ile sehemu ya opera, ambayo kwa kawaida ilitoka kwenye kanda huku bendi ikiwa imeondoka jukwaani. Ni akili hiyo. Ila kuijua Queen kwa Live Aid ni kumjua mtu kwa hotuba yake ya harusini.

Ukitaka Queen bendi, kabla hawajawa Queen wa viwanja vya mpira, tafuta maonyesho yao ya Rainbow, London, ya mwaka 1974. Brian May anapiga gitaa zito ambalo wanaomjua kwa We Are the Champions hawataamini ni yeye. Ukitaka sauti ya Mercury ikiwa imekomaa na bado haijachoka, tafuta la Montreal, Novemba 1981, ambalo lilipigwa filamu. Mtaona pia jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisema: noti za juu kabisa alizoimba studio, jukwaani mara nyingi alizikwepa akaimba za chini. Alikuwa na ziara za miezi mbele yake, na koo ni moja. Anachokupa badala yake ni kule kuishika hadhira, na hilo studio haiwezi kurekodi.

Hapo ndipo inapokuja habari ya kuchagua mwaka. Jina la bendi halitoshi. Led Zeppelin ya 1972 na Led Zeppelin ya 1973 ni watu wale wale wanne, lakini mimi nakushauri uanze na ile ya kwanza. How the West Was Won ilitoka 2003, ila imetoka kwenye maonyesho mawili ya California ya Juni 1972. Mwimbaji wao Robert Plant bado anaweza kufika anakotaka kufika, na John Bonham anapiga drams kana kwamba ana deni na mtu. Filamu yao maarufu, The Song Remains the Same, ni ya Madison Square Garden, Julai 1973, na sauti ya Plant pale imeshapungua kimo. Picha zenyewe zilikuwa na mapengo, ikabidi warudie baadhi ya vipande baadaye Uingereza, na kwa kuwa mpiga besi John Paul Jones alikuwa ameshakata nywele, alivaa wigi. Ukijua hilo huwezi tena kuitazama kwa heshima. Mimi siwezi.

Kanuni ninayotumia: angalia kwanza mwimbaji ana umri gani na yuko mwezi wa ngapi wa ziara. Gitaa halipati mafua.

Na hapo pa kurudiarudia pana jambo la kujiandaa nalo kisaikolojia. Albamu nyingi za laivu si laivu tupu. Alive! ya KISS, ya 1975, iliongezewa vitu studio, hilo linajulikana. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978, mtayarishaji wake Tony Visconti alidai sehemu kubwa ilirekodiwa upya. Upande wa bendi wakapinga. Nilipolijua hilo niliisikiliza tena nikitafuta kosa, nikajikuta kwenye wimbo wa tatu nimeshasahau nilikuwa natafuta nini. Phil Lynott, mwimbaji wao, alikuwa na uwezo huo. Kwa hiyo ushauri wangu ni usiwe polisi. Ukitaka ukweli mtupu zipo kanda za mashabiki, ambazo nyingi sauti yake ni kama imerekodiwa ndani ya ndoo, na utapata makosa yote unayoyataka.

Kwa wasio na subira, ambao dakika 23 za Whipping Post ni adhabu: If You Want Blood You've Got It ya AC/DC, 1978, sehemu kubwa ni ya Glasgow. Nyimbo kumi, hakuna hadithi. Wote watamtazama Angus Young anayerukaruka na kaptula ya shule. Wewe msikilize kaka yake Malcolm, gitaa la ridhimu, hatikisiki. Na Get Yer Ya-Ya's Out! ya Rolling Stones, nyingi yake New York, Novemba 1969. Jalada lina mpiga drams Charlie Watts akirukia hewani kando ya punda. Ndani yake bendi inatembea kwa namna ya ajabu, maana kwa Stones kiongozi wa mwendo ni gitaa la Keith Richards, na Charlie anamfuata kwa nukta ndogo nyuma. Ukiisikia mara moja huwezi kuacha kuisikia. Stones wa viwanja vikubwa wa miaka ya baadaye nawaachia wanaopenda fataki.

Solo za drams ruka. Nasema kama shabiki: ruka. Dakika 19 za Moby Dick, solo ya Bonham kwenye How the West Was Won, zilikuwa za kutazama mtu akitoka jasho mbele yako, na bila mtu huyo ni ngoma tu sebuleni.

Ukibahatika kwenda mwenyewe kwenye onyesho la bendi kongwe, kama wengi walioko Ulaya na Marekani wanavyobahatika, mambo ni machache. Kabla ya kulipa, angalia nani amebaki. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi wa ughaibuni kutazama bendi ambayo mwenyeji wa asili alikuwa mmoja, mpiga besi, na yeye mwenyewe alionekana kama mgeni. Tafuta video za ziara ile ile, za mwezi uliopita, si za 1976. Ukumbini usisukumane kwenda mbele. Sauti nzuri iko karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu yeye anasawazisha kwa masikio yake akiwa amesimama pale. Na beba vizibo vya masikio. The Who waliwahi kuingia kitabu cha rekodi za Guinness kwa onyesho la Charlton, London, la 1976, desibeli 126 zikipimwa mita 32 kutoka kwenye spika, na Townshend amesumbuliwa na masikio kwa miaka mingi. Hakuna aliyekwambia uonyeshe uaminifu kwa kuwa kiziwi.

Kuhusu bendi zinazorudiana baada ya miaka, mimi sina huruma. Tarehe 10 Desemba 2007 Led Zeppelin walipiga London, Jason Bonham akikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake. Walifanya mazoezi ya kutosha, baadhi ya nyimbo wakazishusha kimo ili Plant asiumie, wakapiga vizuri kuliko walivyostahili watu wa umri ule. Tazama filamu yake, Celebration Day, utakubaliana nami. Baada ya hapo dunia nzima ikataka ziara, pesa zikiwa mezani, na Plant akakataa. Mashabiki wengi bado hawajamsamehe. Mimi namuunga mkono mpaka kesho.