Vuta pumzi ukiitazama geji: kwa wadogo zangu wa chini ya jukwaa

Juzi nimemwona tena. Kijana mpya katika kazi yetu ya kupiga mbizi chini ya jukwaa la shoo ya majini na kuwapa wasanii hewa, mwepesi, anapiga mbizi vizuri kuliko nilivyopiga mimi nikiwa na umri wake. Kavaa mtungi, kaitupia jicho moja geji, kile kipimo cha shinikizo la hewa ya mtungi, huku anacheka na mwenzake, kaona baa 200, yaani umejaa, huyo majini. Sikusema kitu, maana taa za ukumbi zilishazimwa na msimamizi wa jukwaa alishaanza kuhesabu. Nilimganda shoo nzima kama kuku na kifaranga. Sasa nasema.

1. Hukuja kutazama shoo. Najua wengi mmevutwa na "O", ile ya Cirque du Soleil inayochezwa Las Vegas tangu 1998, bwawa la lita kama milioni 5.7 na sakafu inayopanda na kuzama. Hata mimi ndiyo iliyoniponza. Lakini ukiwa chini, shoo yako ni miguu. Utawajua wasanii kwa nyayo zao kabla hujazijua sura zao. Anayekodolea macho taa zinavyopasua maji hushtuka msanii yuko mgongoni mwake, hana hewa, na hana subira.

2. Msanii haoni. Hana miwani, kope zake ni za kubandika, vazi limelowa na kuwa zito kama godoro. Wewe kwake ni kivuli tu, kwa hiyo acha kumpungia mkono. Mshike bega, mletee regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomo wake ukimwelekea, kiganja chako kisizibe kitufe cha kupulizia. Na isiwe chini juu, maana ikipinduka atavuta hewa na maji pamoja.

3. Akishavuta hewa ya mtungi, hakuna kubana pumzi akipanda. Aliyezama na pumzi yake mwenyewe akapanda nayo hana shida hiyo, lakini akishaonja regulata yako huyo ni mtu mwingine: mita moja na ushee tu inatosha kuumiza pafu. Sisi tunamgonga kifuani mara moja kabla ya kumwachia. Nanyi gongeni.

4. Geji. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na miezi minne kazini, umri ule ambao mtu anajiona ameshajua. Mtungi wangu niliufungua mwenyewe, nikavuta pumzi, kila kitu sawa. Dakika mbili kabla ya kushuka, mwenzangu akapita nyuma yangu na kwa wema wake akaikagua vali. Akaizungusha kuifungua, kumbe anaifunga, kisha akairudisha robo mzunguko, kama tulivyozoea zamani. Akanipiga bega. Nikatazama geji: baa 200. Bila shaka, vali ikiwa wazi hata upenyo wa sindano ya kushonea, sindano ya geji itasimama palepale, mradi hakuna anayevuta. Mimi sikuvuta.

Nikashuka mita 6, chini ya sakafu iliyokuwa imepandishwa na kufungwa juu yetu. Nikiwa peke yangu sikuhisi kitu. Nilikuwa nimetulia, navuta kidogo kidogo. Kisha akaja dada mmoja wa sarakasi, ambaye alitakiwa kusubiri nami kama dakika mbili ndipo atokee katikati ya jukwaa. Nikampa regulata ya akiba, ile ya njano. Akavuta moja, akavuta mbili. Ya tatu ikawa nzito kwake na kwangu pia. Nilidhani regulata imeharibika, nikabonyeza kitufe cha kupulizia, na hilo likatumaliza kabisa. Nikaitazama geji: kila tukivuta, sindano inaanguka hadi karibu na sifuri, tukiacha, inapanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Watu wawili wanagombea hewa inayopita kwenye tundu la sindano, na kule chini hewa ni nzito kuliko juu.

Nitakachokumbuka hadi uzeeni ni vidole vyake kwenye mkono wangu. Hakupapatika. Alibana tu, akaendelea kubana, na mimi ndiye niliyekuwa napapatika. Niliinua macho kutafuta njia ya juu nikakuta chuma. Mwenzangu wa upande wa pili, mita nne kutoka nilipo, ndiye aliyeona mapovu yetu yamepungua. Akaja, akampa yake, kisha akapeleka mkono nyuma ya kichwa changu na kuizungusha vali. Sekunde tano za kazi. Dada akatokea jukwaani amechelewa kidogo, watu wakampigia makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Baadaye nilitaka sana kumlaumu aliyeigusa vali yangu. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Ulivuta pumzi ukiitazama geji?" Nikanyamaza. Kwa hiyo: pumzi nne, macho kwenye sindano, na zifanyike baada ya mtu wa mwisho kukugusa. Ikitikisika, hushuki. Na mwenzako akitaka kukusaidia vali, mwambie asante, hapana.

5. Lifti, yaani ile sakafu inayopanda na kuzama. Usimjibu msimamizi "pako wazi" kwa kukisia. Kama hukupita kwa macho na kwa mkono ukingo wote wa eneo lako, hapako wazi. Sakafu haijui vidole ni vya nani.

6. Maji ya bwawa letu ni ya vuguvugu na bado mtatetemeka shoo ya pili. Maji hupokonya joto la mwili haraka kuliko hewa mara zaidi ya ishirini, na ninyi mnakaa tu mkisubiri. Vaeni suti nzito. Ushujaa wa kuvaa fulana uliisha nilipoanza kukosea vifundo vya kamba kwa vidole vilivyoganda.

7. Masikio: kausheni. Basi.

Yule dada bado yupo kwenye shoo. Kila jioni, kabla hatujaachana kwenye ngazi za bwawa, hushika geji yangu, akanigonga mtungi, akasema, "Vuta." Navuta nne huku amesimama.

Na wewe kijana wa juzi, njoo uchukue mapezi yako. Yamelala kwenye beseni la kusuuzia tangu siku ile, na mimi si mama yako.