Muulize Fundi: Bango la Maulidi linatoka nusu nusu

SWALI: Assalamu aleikum, fundi. Nina duka la kuchapa na fotokopi hapa Langoni, Lamu. Printa yangu ya leza ni ya mtumba, nyeusi na nyeupe. Barua na fomu za shule inatoa bila taabu. Lakini bango la Maulidi, lenye picha ya Msikiti wa Riyadha, nakshi pembeni na aya za Kiarabu, nusu ya juu inatoka karatasi moja, nusu ya chini karatasi nyingine. Faili halifiki hata megabaiti 2. Nimebadilisha tona, wapi! Imekufa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haijafa, na tona haihusiki kabisa. Memori ndiyo imejaa: printa imechapa ilichoweza kubeba, ikatoa karatasi, kisha ikamalizia kilichobaki kwenye ya pili.

Ukubwa wa faili usikudanganye. Faili limebanwa, na printa lazima ilikunjue liwe nukta. A4 kwa nukta 600 kwa inchi ina nukta karibu milioni 35, yaani zaidi ya megabaiti 4 kwa rangi nyeusi peke yake. Kwa nukta 300 ni megabaiti 1 na kidogo tu. Printa ya wino wa maji hukaa ikingoja data katikati ya ukurasa. Ya leza haingoji. Karatasi ikishaingia chini ya dramu, silinda inayobandika tona, mwendo ni mmoja hadi itoke.

Barua ni nyepesi kwa kuwa umbo la kila herufi huwekwa mara moja, kisha printa hukumbuka tu pa kulipiga. Ndiyo maana HP LaserJet ya kwanza, ya 1984, ilichapa barua safi kwa kilobaiti 128, lakini haikuweza kujaza ukurasa kwa picha ya nukta 300. LaserWriter ya Apple, mwaka uliofuata, ilikuja na megabaiti 1.5, ikauweza.

Printa nyingi hazitandazi ukurasa mzima. Huukata vipande vya mlalo, kimoja kikichapwa kingine kinaandaliwa, kama mkeka unaoshonwa huku ukili ungali unasukwa. Msukaji akichelewa, mshonaji humngoja. Leza haimngoji mtu. Hapo ndipo printa hulalamika kwamba ukurasa ni mgumu mno, hata memori ikiwa ipo. Nakshi yako yenye mistari maelfu inaweza kuleta balaa hilo.

Wengi watakwambia ushushe hadi nukta 300. Kwa picha tupu, sawa. Kwa bango lako sikushauri: irabu za aya zitakwaruzika, na aya si kitu cha kuchapwa ovyo. Anza na picha ya msikiti. Ya simu yenye nukta 4000 kwa upana, ukiiweka sentimita 10, inatosha nukta karibu 1000 kwa inchi. Ipunguze kabla ya kuiingiza. Ondoa vivuli na rangi za kupenyeza, zile zinazoonyesha kilicho nyuma yake. Nakshi igeuze iwe picha ya nyeusi na nyeupe tupu, isibaki michoro ya mistari.

Ikikataa bado, fungua ubavu wa printa uone kama kuna nafasi ya kuongeza memori. Za ofisini nyingi zinayo. Ndogo za nyumbani mara nyingi hazina, kwani kazi ya kupanga nukta zimeiachia kompyuta. Ukiikuta, usinunue kadi yoyote tu: niandikie namba kamili ya modeli, iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, nikwambie inakubali ipi.