Kabla hujapima umbali kwa ukungu wa picha

Wengi wanaoanza kazi ya kukadiria umbali kwa kulinganisha ukungu (yaani kufifia kwa kingo) wa picha mbili huogopa hesabu. Hesabu haikunitesa. Kilichonitesa ni pangaboi.

Nilitundika kanga kwenye kamba, sentimita 110 kutoka kwenye kamera, lenzi ya milimita 50, fokasi (umbali ambao vitu hutoka vikali) nimeiweka mita 1. Picha ya kwanza nikapiga kwa f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, ya pili kwa f/8, tundu likiwa limebanwa. Programu ikanitolea kanga yenye mabonde na vilima kama Usambara. Siku mbili nilipekua msimbo wa programu mstari kwa mstari, kumbe upepo wa feni ulikuwa unaitikisa nguo kati ya picha na picha.

Njia yenyewe ni hii. Kwa f/2 tundu la lenzi hiyo lina kipenyo cha milimita 25, na nukta iliyo sentimita 110 inaangukia kwenye sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) kama duara la karibu milimita 0.12. Pikseli zikiwa za mikromita 6, hilo ni duara la pikseli 20. Ukibana tundu hadi f/8 zinabaki 5. Programu inajiuliza: hii picha kali niitie ukungu kiasi gani ifanane na ile nyingine? Kiasi hicho ndicho kinachogeuzwa kuwa umbali. Mtafiti Alex Pentland aliandika juu ya wazo hili mwaka 1987, na Panasonic waliliingiza kwenye fokasi ya kamera yao ya GH4 mwaka 2014.

Sasa angalia mtego. Kitu kilicho sentimita 92 hivi kinatoa duara lilelile la pikseli 20. Ukibadilisha tundu peke yake, programu haina namna ya kujua kama kitu kiko mbele ya fokasi au nyuma yake. Unaweza kubadilisha fokasi badala ya tundu, ila picha nayo hukua au kusinyaa kidogo, kingo zinahama, na itabidi uzilinganishe upya. Kwa anayeanza, naona heri abaki na tundu na apange vitu vyote nyuma ya fokasi.

Kutoka f/2 hadi f/8 mwanga unapungua mara 16, kwa hiyo utashusha kasi ya shata ili mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, tuseme kutoka sekunde 1/800 hadi 1/50. Chini ya taa za tyubu za kizamani, ile ya 1/800 inaweza kutoka na michirizi kwa sababu taa inapepesa. Ukikwepa kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga), picha moja itajaa chenga, vile vidoadoa vya ovyo, na programu itazisoma chenga kama ukali. Mimi hupiga mchana karibu na dirisha.

Hifadhi faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalirekebisha. Kamera nyingi zikikupa JPEG zimeshanoa kingo zenyewe. Unataka kupima ukungu, na kamera imeshaupunguza!

Ukuta mweupe usiuhangaikie. Pasipo maua wala maandishi hakuna cha kuwekewa ukungu, na namba utakayopata hapo ni ya kubuni. Ndiyo maana napenda kanga.

Simu? Lenzi ya milimita 5 yenye f/1.8, fokasi mita 1: kitu cha mita 2 kinapata ukungu wa pikseli 5 (za mikromita 1.4), na mlima ulio upeo wa macho unapata 10. Pikseli tano ndizo zibebe dunia nzima kuanzia mita 2 na kuendelea. Isitoshe, simu nyingi tundu lake halibadiliki.

Kabla ya jaribio lolote, piga picha mbili bila kubadilisha kitu, uzipitishe kwenye programu. Tofauti ya ukungu itoke karibu na sifuri kila mahali. Yangu ya kwanza haikutoka sifuri: skrubu ya stendi ilikuwa imelegea, na kila nikibonyeza kitufe kamera ilikuwa inaitikia kwa kichwa. Siku hizi natumia taima.